Mbea Ndani ya Kompyuta ya Lambi

Jumatatu, 29 Januari

Amepata kazi! Lambi wangu amepata kazi! Na si Ujerumani. Ni humu humu ndani, chumbani kwake, hatua saba kutoka jikoni kwangu. Nimezihesabu.

Daftari, nisamehe sikukusalimu. Simu ililia saa nne asubuhi. Kampuni moja ya mji mkuu, Sofia, inayotunza mafaili ya wagonjwa wa meno inamtaka Haralampi, huyu huyu Lambi, mwanangu wa pekee wa kiume, ayasome na kuyapanga kwa kompyuta yake. Meno ya nusu ya nchi yatapita mikononi mwake! Mimi niliyeishia darasa la nane, nikashona mifuko ya suruali kiwandani miaka thelathini na moja, nimezaa mtu wa namna hiyo.

Rafiki yake wa Stuttgart, huko Ujerumani, alikuwa ameshamwekea nafasi ya kazi kwenye ghala. Basi linaondoka Jumapili ya tarehe kumi na moja. Binti yangu Denitsa alipanda basi lile lile miaka sita iliyopita. Alisema mwaka mmoja tu. Sasa namwona Jumapili kwenye simu, uso mdogo kama stempu. Basi na liende salama, bila huyu wa pili.

Nilishuka ngazi (ghorofa ya nne, lifti hakuna, magoti yamelia njia nzima) nikampasulia Tsonka wa ghorofa ya tatu habari kabla hajafungua mdomo. Akasema kazi ya nyumbani ni ya watu wasioweza kuamka. Mwanawe yuko Hispania na hapigi simu, kwa hiyo nilimwacha aseme. Halafu akaniuliza, kwa sauti tamu, kama siku ya Lambi atuletee mtindi wake. Maana wako wa mwaka jana, akasema, jirani, samahani, ulikuwa unanyweka kama chai.

Tarehe kumi ni siku ya Mtakatifu Haralampi, sikukuu ya jina la Lambi. Watu huja bila kualikwa, na wenye jina hawafungi mlango. Watakula mkate wangu wa asali na mtindi wangu. Mwaka huu ni mzito, kijiko kinasimama. Chachu ni ya marehemu mama yangu, na joto... Daftari, hili nakuambia wewe tu. Tangu Novemba, walipopunguza joto la mabomba yanayopasha jengo zima, mtindi wangu naulaza ndani ya kompyuta ya Lambi. Akitoka kwenda kula, nafungua ubavu wa kompyuta, naweka chupa moja ya jemu pale chini, nafunga. Baada ya saa nne, umeganda. Ndani mna joto kama kwapa la kuku.

Jumanne, 30 Januari

Kifurushi cha kazi kimefika. Nilitegemea kitu kikubwa. Ndani kuna kidude kidogo kama punje ya haragwe, kina ulimi wa chuma na nyaya mbili nyembamba. Lambi akasema kinaitwa kihisi. Kazi yake ni kujua kama kasha la kompyuta limefunguliwa.

Nilikuwa nimeshika sahani ya moto ya banitsa, mkate wetu wa jibini. Sikuiangusha. Huo nao ni ushujaa.

Akanipa tochi nimmulikie. Akachomoa waya wa umeme. Akagusa kwanza chuma cha joto cha ukutani, ili umeme wa sweta yake usiunguze kitu (sweta nimeifuma mimi). Akafungua skrubu mbili za ubavuni kwa vidole. Skrubu zile nazijua kama vifungo vya blauzi yangu. Akakifunga kidude kwenye ukingo wa ndani, pale ambapo mfuniko wa ubavuni ukifungwa unabonyeza ule ulimi. Nyaya mbili akazichomeka kwenye vijiti viwili vya bodi kubwa. Akafunga, akawasha, akaingia kwenye mipangilio, ile skrini ya kabla kompyuta haijaamka vizuri, akakiamsha kihisi na kuweka neno la siri. Kisha akakijaribu: akafungua mfuniko, akafunga, akawasha. Maandishi meupe kwenye weusi: kasha limefunguliwa. Akacheka kama siku alipoweza baiskeli.

Nikauliza, kama mtu asiye na neno, je, kompyuta ikiwa imezimwa? Akasema hata ikizimwa kinakumbuka, kwa sababu ya betri ile ndogo kama sarafu pale kwenye bodi. Je, ukifungua kidogo tu? Mama, akasema, kufungua ni kufungua. Kampuni itapata taarifa kila asubuhi. Likifunguliwa bila ruhusa, kazi imekwisha, hakuna kujadiliana. Mwezi huu ni wa majaribio. Bibi Bistra wa kampuni atakuja mwenyewe Alhamisi ijayo kukagua na kutia saini.

Kumbe wamenitilia mbea nyumbani. Tsonka wa chuma.

Halafu Lambi akaona duara jeupe chini ya kasha. Akauliza hii nini. Nikasema kutu. Kutu nyeupe, Mama? Nikasema siku hizi kila kitu kimebadilika. Nedyalko, mume wangu, akainua gazeti likamfunika uso mzima. Gazeti lilitikisika.

Alhamisi, 1 Februari

Nimechoka. Jana niliviringisha chupa kwa blanketi na kuiweka juu ya chuma cha joto. Chuma chenyewe ni baridi kama pua ya mbwa. Saa sita baadaye maziwa yalikuwa maziwa, ila yenye huzuni.

Leo nikafanya hesabu nyingine. Nedyalko alikwenda na wenzake kukata mizabibu, ni siku ya Mtakatifu Trifon, mlinzi wa mizabibu. Yeye siku hiyo huisherehekea tarehe moja kwa kanisa na tarehe kumi na nne kwa desturi, asije akakosea. Alirudi mchana amejaa mvinyo, mwekundu, mwili wote unachemka. Nikamwingiza kitandani na chupa kifuani. Nikamwambia asigeuke. Akasema we mwanamke, mimi ni mume au jiko? Nikamwambia leo awe jiko.

Kwa muda wa saa tatu alikaa vizuri. Saa ya nne akaota anacheza ngoma.

Zimeharibika shuka mbili, godoro, na nusu ya chachu ya mama yangu. Imebaki kijiko kimoja kwenye kikombe. Nikikosea tena, imekwisha. Mama aliibeba chachu hiyo kutoka kijijini ndani ya leso, mimi nikiwa tumboni mwake, miezi saba. Niende nimwombe Tsonka? Bora nile plasta.

Plasta! Daftari, subiri.

Jumapili, 4 Februari

Nimemshinda mbea! Mimi, Stoyna, darasa la nane!

Jana usiku nililala nimekodolea dari macho, nikafikiri hivi. Kidude hakina macho wala masikio. Kina ulimi tu. Mfuniko ukiubonyeza, kinanyamaza. Ukiachia, kinasema. Basi ulimi usiachie. Kwisha.

Leo Lambi alikwenda kwenye mpira. Nikalegeza skrubu mbili, nikasogeza mfuniko unene wa ukucha, nikapitisha kisu cha siagi kwenye upenyo, nikaubana ulimi. Mkono mmoja kisu, mkono wa pili mfuniko, meno yameshika plasta ya vidonda. Mgongo wangu! Nikaubandika ulimi kwa plasta kama kidonda cha mtoto. Ukatulia. Chupa ndani. Mfuniko. Nikakaa kitandani kwake nikasali sala zote ninazozijua, mbili.

Saa nne baadaye: mtindi! Mzito, mweupe, kijiko kimesimama wima kama askari. Nikatoa chupa, nikabana ulimi kwa kisu, nikavuta plasta, nikafunga. Lambi aliporudi akaizima na kuiwasha mbele ya macho yangu. Mbea kimya.

Mateso ni kwamba siwezi kumwambia mtu. Ushindi wa namna hii, na ninautunza tumboni kama gesi. Nilishuka hadi kwa Tsonka nikakaa robo saa bila kusema kitu. Akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 6 Februari

Chupa moja haitoshi watu thelathini. Nikaweka tatu.

Lambi alikuwa kwa kinyozi, kisha sokoni kununua viatu vya kumpokelea Bibi Bistra. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mtindi wa chupa zote tatu umeganda kama jibini. Ila chupa tatu za maziwa moto zina mvuke, na plasta ikipata mvuke haishiki. Niliikuta imening'inia kwa ncha moja. Labda ilijitoa pale pale tu, nilipofungua mimi. Labda kidude hakikugundua.

Nitalala. Magoti yanauma, mgongo, na moyo nao.

Jumatano, 7 Februari

Kiligundua.

Kasha limefunguliwa. Maandishi meupe, saa mbili asubuhi. Lambi alisimama mbele ya skrini akiwa na mswaki mdomoni. Aliniuliza kama kuna mtu aliingia nyumbani. Nikasema hapana. Akauliza tena. Nikasema labda fundi wa joto. Akauliza mara ya tatu, fundi gani, joto lenyewe liko wapi? Nikasema niache nifikiri.

Ningeweza kusema pale pale. Lakini nilimwona alivyoshika ule mswaki, nikaona nikimwambia ni mama yake ndiye aliyemharibia kazi, atapanda basi la Jumapili na hatanipigia hata uso wa stempu. Basi nikaona nitengeneze kwanza, niseme baadaye. Au nitengeneze, nisiseme.

Akatoka kwenda kumpigia Bibi Bistra simu roshani, mlango ameufunga, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa na dakika kama kumi. Alisema mwenyewe kwamba mbea anakumbuka kwa betri. Basi nikachomoa waya, nikafungua ubavu, nikaing'oa ile sarafu kwa ncha ya mkasi. Nikaihesabia mpaka mia tatu. Nikairudisha. Asahau, na sisi tusahau.

Akasahau. Akasahau kila kitu. Akasahau neno la siri, akasahau mipangilio, akasahau kwamba yeye ni mbea. Kompyuta iliamka ikidhani ni Januari ya mwaka ambao Lambi alikuwa darasa la kwanza. Nikaangalia tarehe ile nikatamani niingie humo, nimfunge kamba za viatu.

Lambi alikaa chini sakafuni. Akampigia Bibi Bistra tena. Nilimsikia mama yule hadi jikoni. Alisema kufungua peke yake kungeweza kuwa bahati mbaya, lakini kuondoa betri ili kufuta alama, hiyo ni kazi ya mwizi hodari, mtu aliyesomea. Kesho anakuja kama alivyopanga, ila si kwa saini. Anakuja kuchukua mafaili na kufunga kazi.

Mwizi hodari, aliyesomea. Mungu anisamehe, niliona fahari kidogo.

Mchana Lambi alimpigia rafiki yake wa Stuttgart. Kiti cha basi bado kipo. Alitoa begi juu ya kabati. Nilipiga pasi mashati yake yote, pamoja na yale aliyoyaacha kuvaa.

Alhamisi, 8 Februari

Hebu niandike taratibu.

Bibi Bistra alifika saa tano. Mwanamke mwembamba, koti la kijivu, mkoba kama wa daktari. Alipanda ghorofa nne bila kuhema, nikamchukia. Akaingia chumbani na Lambi wakakaa saa nzima. Alipotoka, alitaka kuondoka. Hapa kwetu mtu hatoki nyumba ya watu na tumbo tupu, hata akiwa amekuja kuiua. Nikamkalisha jikoni. Nikampa bakuli la mtindi na asali juu.

Tsonka naye akatokea. Alisema amekuja kuomba chumvi. Tsonka ana chumvi ya kutosha kuikausha bahari. Alimwona mgeni ngazini, basi.

Bibi Bistra akaonja. Akaonja tena, kijiko kikabaki kimesimama. Akasema tangu bibi yake afariki hajala kitu kama hiki. Akauliza nimefanyaje.

Nikasema ni mkono tu. Nilitaka kuishia hapo. Naapa nilitaka.

Lakini Tsonka akainama, akachungulia bakuli, akasema, "Jirani, usimdanganye mgeni. Huu ni wa dukani. Ulivyo laini hivi, ni wa dukani umehamishiwa kwenye chupa."

"Wa dukani?"

"Joto la kugandishia umelitoa wapi? Jengo zima tunalala na makoti."

"Wa dukani!" Nilisimama. Kiti kilianguka. "Chachu ya mama yangu, wa dukani? Huu nimeulaza mwenyewe ndani ya kompyuta ya Lambi! Chupa tatu! Na kile kidude chao nimekibana ulimi kwa kisu cha siagi, na betri nimeing'oa kwa mkasi, na hakuna mwizi aliyesomea hapa, ni mimi!"

Bomba la sinki lilidondosha tone moja.

Lambi alikuwa mlangoni. Sikumtazama. Nilitazama viatu vyake vipya.

Bibi Bistra aliweka kijiko chini. Akasema nimwonyeshe. Nikamwonyesha, kisu, plasta, meno na yote. Alitazama saa yake. Sekunde arobaini na mbili. Akaniambia nirudie. Thelathini na nane. Akasema kampuni imevinunua vidude kama hivyo mia mbili. Akafunga macho kidogo kama mtu anayeumwa kichwa.

Kisha akakaa akaandika, na kila alichoandika alikisoma kwa sauti. Kwamba hakuna faili lililotoka. Kwamba kilichoingia ni maziwa. Kwamba kijana ameripoti mara moja na kwa ukweli, na kazi aendelee nayo. Kwamba kihisi peke yake hakitoshi, na kompyuta ifungiwe ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, leo hii, kabla yeye Bistra hajaondoka. Nedyalko akalitoa kabati lake la zana kutoka chini, yeye na Lambi wakalibeba ghorofa nne. Alipolitua Nedyalko akaniambia, "We mwanamke, siku nyingine niache niwe jiko tu."

Bibi Bistra akatia saini. Alipokuwa akivaa koti akaniomba kijiko cha chachu. Nikampa kwenye chupa ya dawa. Tsonka alishuka ngazi mbio akagonga kila mlango. Nasikia jengo zima linacheka.

Lambi hakucheka. Baada ya chakula aliniambia, jana nilikuuliza mara tatu, Mama. Ukaniona napiga simu Stuttgart. Ukanipigia pasi mashati. Nikasema nilidhani. Ulidhani nini? Nikasema siku yako watu watakuja, nilitaka wale vizuri. Akasema, ungeniambia, ningekutafutia joto mwenyewe. Kisha akaenda akarudisha begi juu ya kabati, akala mabakuli mawili ya mtindi. Ufunguo wa kabati la chuma ameuvaa shingoni na kamba ya kiatu.

Nililia kidogo nikiosha vyombo. Sitagusa tena kompyuta ya mwanangu maishani. Nimeapa kwa kaburi la mama.

Ijumaa, 9 Februari

Sijaigusa.

Nilikwenda tu kupangusa vumbi juu ya lile kabati, Lambi alipokwenda kumnunulia Tsonka chumvi (nimemtuma mimi, apeleke pakiti tano na salamu zangu). Nikaweka mkono juu ya chuma. Daftari, ni joto! Kompyuta inahema humo ndani siku nzima, pumzi haina pa kwenda. Kuliko zamani! Kuliko Nedyalko! Na nyuma, pale walipotoboa tundu la kupitishia nyaya, walitoboa pakubwa, Nedyalko hajawahi kupima kitu. Mkono wangu unapita. Mkono na chupa ya jemu unapita.

Kufuli sijaligusa. Kasha la kompyuta sijalifungua. Mbea amelala salama, ulimi wake umebanwa na mfuniko kama alivyopangiwa, hana la kusema. Sioni nilipovunja kiapo.

Nimeingiza chupa nne za maziwa. Ya tano imekwama kidogo kwenye nyaya na imeinama, lakini nimefunika vizuri. Feni humo ndani imeanza kupiga kelele kama mashine ya kiwandani kwetu. Itazoea.

Mkate wa asali uko tanurini. Miguu imevimba. Lambi ameniambia nilale, kazi imebaki ya kwake. Mwana wa namna hiyo! Anaingia chumbani sasa hivi kufanya kazi kidogo. Namsikia anauliza kwa nini kabati linatoa harufu ya maziwa.

Kesho ni Jumamosi, tarehe kumi, Mtakatifu Haralampi. Hatujamwalika mtu. Watakuja wote.